Viganja Viwili vya Chumvi

Jumatatu, 3 Septemba 1979
Nimeshona mikono ya abakosti mbili, suti zisizo na tai. Joto. Mabati yanalia tangu saa nne. Mke wangu Nabintu bado yuko kijiji cha Miti kwa binti yetu aliyejifungua, atarudi Jumamosi. Ameniachia nguruwe wake anayenyonyesha, na watoto tisa. Anamwita Sitwayeni, 'raia', kama serikali inavyotaka kila mwanamke aitwe. Nimemwomba asimwite kwa sauti, majirani wana masikio.

Kila asubuhi: unga wa mifupa iliyochomwa, maganda ya mayai yaliyotwangwa, kijiko kimoja cha chumvi, vyote ndani ya makapi ya bia. Na beseni la maji lisikauke. Alirudia maagizo hayo mara tatu, kana kwamba mimi sikukulia kwenye mifugo. Kijiko kimoja! Kwa baba yangu, ng'ombe aliyezaa wakati wa kiangazi alipewa chumvi kwa mikono. Na huyu amekonda, anahema, chakula anakinusa tu. Nimemwekea viganja viwili.

Jumanne, 4 Septemba
Ameramba chombo chote. Nimejisifu mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kunisifu. Viganja viwili tena.

Bomba la mtaa limekauka tangu jana. Wanawake wanashuka kwenye chemchemi. Sikwenda. Mwanaume wa umri wangu na ndoo kichwani? Nilimmiminia maji kidogo yaliyobaki ndani ya nyumba.

Alhamisi, 6 Septemba
Jana sikuandika. Jana nilimpa chumvi tena. Maji, kopo moja.

Leo nguruwe hali kitu. Amekaa kitako kama mbwa. Nilimwita, hakugeuka. Kisha alitembea akagonga ukuta, akabaki pale anasukuma matofali kwa kichwa. Watoto wanapiga kelele, maziwa hakuna. Naogopa.

Shamba ni la ukoo wangu. Nyumba ina jina langu. Cherehani ni yangu. Nguruwe huyu ndiye kitu pekee ambacho Nabintu anasema ni chake. Akifa mikononi mwangu, sijui nitamtazama mke wangu vipi.

Saa tisa alianguka. Miguu inapiga hewa, povu mdomoni. Nilikimbia mpaka kwa Papa Cirimwami, veterineri, daktari wa mifugo wa zamani, nikaja naye kwa miguu. Alilamba kidole alichopitisha kwenye chombo, akatema.

"Ulimupatia chumvi ngapi, papa?"

Nilimwonyesha kwa viganja.

"Na maji?"

Nilielekeza kidole kwenye beseni kavu.

"Iyi haiko ngombe. Ulifunga nguruwe mu nyumba na chumvi, bila maji, na hii joto!"

Nilinyakua ndoo ya jirani nimpe yote. Alinishika mkono.

"Hapana! Akikunywa mingi mara moya, atakufa leo. Kikombe. Ungoje. Kikombe ingine."

Ijumaa, 7 Septemba
Nimeshuka kwenye chemchemi na ndoo. Mara tatu. Wanawake walicheka: "Muzee, Nabintu alikufukuza?" Nilicheka nao. Moyoni sikuwa na kicheko.

Kikombe, ngoja, kikombe. Katika kungoja nimekumbuka. Ng'ombe wa baba walilamba chumvi, halafu sisi watoto tuliwashusha mtoni, na kila mmoja alikunywa mpaka akaondoka mwenyewe. Miaka yote hii mimi nimebaki na chumvi tu kichwani. Mto niliusahau. Mjinga mimi.

Mtoto mmoja amekufa asubuhi. Wa pili mchana. Waliobaki nawapa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, wanayatema kifuani mwangu.

Nimeshatunga cha kumwambia Nabintu. Ni joto. Joto liliwazidi. Papa Cirimwami si mtu wa maneno mengi.

Jumamosi, 8 Septemba, asubuhi
Amesimama! Anakunywa. Watoto saba wananyonya, maziwa yanatoka kidogo. Nilitaka kupiga kelele za furaha. Kisha nikapitisha mkono mbele ya macho yake. Hakupepesa. Nikapitisha tena, karibu kabisa. Hakuna.

Nimefagia banda mara mbili. Nimeharibu kola ya mteja. Kila gari likisimama barabarani, nachungulia dirishani. Joto liliwazidi. Nimelisema kwa sauti peke yangu chumbani, na limenitia aibu.

Jumapili, 9 Septemba
Nabintu alifika jana saa kumi na moja, na mzigo wa viazi kichwani. Nilimwambia pale mlangoni, hata hajautua. Chumvi, maji, watoto wawili, macho. Hata uongo niliokuwa nimeuandaa, niliukiri. Alipita akaenda bandani, akamwita nguruwe wake.

Nguruwe aliitambua sauti. Aliinuka haraka, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta.

Nabintu aliingia bandani na nguo zake za safari. Alimshika sikio, akamgeuza polepole mpaka pua ikafika kwenye kiganja chake. Alikaa mle muda mrefu. Mimi nilisimama nje na ndoo.

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Aliniuliza kama nimekula. Nilisema sijala tangu juzi. Akapiga magoti, akawasha moto.