Taya Kumi na Tisa

6 Oktoba 1993

Kwa Bibi Uviluq,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko mjini na ofisi ya wanyamapori inakulisha. Sisi hatujambo, ila magoti ya Baba yanamsumbua. Theluji imewahi, kisha ikanyesha mvua juu yake. Mvua, mwezi wa kumi! Ardhi yote sasa ni barafu ngumu.

Taya ulizotaka nimeanza kuzikusanya. Kila mwindaji akiua karibou, kulungu wetu hawa wa theluji, ananiletea taya ya chini, naichemsha, naisugua, naifungia kikaratasi: nani kaua, wapi, dume au jike, mafuta ya mgongoni vidole vingapi. Mikono inanuka supu tangu Septemba. Wewe utakata jino usome umri, halafu watu waseme Uviluq ndiye anayewajua karibou.

Jana dukani Baba alimsimamisha kila aliyeingia. "Mama yangu anakuja kuwahesabu kwa ndege!" Mama yake! Nimekutangulia kuzaliwa miaka sita, nimekubeba mgongoni ukaninyea, lakini kwa kuwa ulipewa jina la marehemu bibi yetu, Baba anakuita Mama na mimi nakuamkia. Haya. Ulimi wa karibou wa kwanza wa msimu amekuwekea kwenye friza. Mimi niliyemchuna nimepewa shingo.

Mjukuu wako,
Tapaarjuk

2 Novemba 1993

Mjukuu wangu Tapaarjuk,

Marahaba. Mimi mzima, ila macho yananiuma. Baba apake magoti mafuta ya sili na aache ubishi. Ulimi kula wewe, Bibi yako ameruhusu.

Sasa nisikilize. Tumeruka siku tano, kisiwa kizima, mstari kwa mstari. Karibou ni wengi mno, mara tatu ya wale wa miaka kumi iliyopita. Hapa ofisini wanafurahi, mimi naogopa. Kwetu hakuna mbwamwitu, na pande zote ni bahari. Wakizaana hivyo wanaumaliza ule ukoga wa mawe wanaoula, nao huchukua miaka mingi kuota tena. Na sasa unaniambia barafu imeufunika! Kundi la namna hiyo halipungui taratibu, linaanguka lote kwa mkupuo.

Lakini nikiwa kwenye ndege naona migongo tu. Ya tumboni unayaona wewe. Nitumie taya za majike, hasa waliokonda, na uandike kama walikuwa na mimba. Wakiwa wamekonda, kwenye mkutano wa Februari nitawaomba watu waue wengi zaidi, upesi, wakiwa bado na nyama, tugawane na visiwa vingine, ili watakaobaki washibe. Watanizomea, najua. Wakiwa wanene, nitanyamaza. Bila taya zako sina la kusema.

Bibi yako,
Uviluq

11 Desemba 1993

Uviluq,

Hujambo? Sisi wazima. Boksi linakuja na ndege ya Jumanne. Taya thelathini na moja. Majike wamenona, mafuta vidole vitatu, na karibu wote walikuwa na mimba. Hofu yako iweke kabatini.

Ule ulimi haukunipita kooni. Nilipomwambia Baba kwamba umenipa mimi, alitabasamu mpaka meno ya nyuma. "Unauona moyo wa Mama?" Mnyama nimemchuna mimi, na sifa zimekwenda kwako, tena bila hata kuchafua mikono. Nakuonea wivu, nasema wazi. Leo kalamu imekataa kuandika Bibi.

Dada yako mkubwa,
Tapaarjuk

24 Februari 1994

Mjukuu wangu mwenye hasira,

Nimefika salama. Mafua niliyotoka nayo kwenu yameanza kupona. Siku mbili nilizokaa hapo hukuniangalia usoni, ukaosha vyombo kama unapigana navyo. Nilitaka kukuuliza, nikaogopa ulimi wako.

Mkutano uliisha vizuri. Mzee Qattuuq aliuliza mara mbili, "Hakuna waliokonda? Kweli?" Nikamjibu taya zimesema hakuna, kama nilivyomwandikia Baba tangu Januari. Watu wakapiga makofi, wataendelea kuwinda kama kawaida. Baba alikaa mstari wa mbele, mikono kifuani, akiangalia buti zake. Ahsante kwa kazi yako. Nilikuwa nimejiandaa kuzomewa.

Bibi yako,
Uviluq

27 Mei 1994

Dada,

Salamu zitafuata. Rubani amepita juu ya rasi ya kaskazini. Amehesabu mizoga mia nne, akaacha kuhesabu. Mkubwa wangu wa ofisini anataka kujua niliwezaje kusimama mbele ya watu na kusema wamenona.

Kulikuwa na taya nyingine?

Uviluq

9 Juni 1994

Bibi yangu,

Shikamoo. Baba ni mzima wa mwili, mimi pia.

Zilikuwepo. Kumi na tisa. Majike watupu, migongo mikavu, hata mmoja hakuwa na mimba. Nilizitia kwenye ndoo nikazificha chini ya nyumba. Nilitaka ukosee mara moja tu mbele ya Baba, kosa la namba, la makaratasi. Nyama sikuifikiria kabisa.

Jumapili nilikwenda na Baba huko rasini. Wamelala kila mahali, wengine wamekufa pua zikiwa kwenye barafu waliyokuwa wakiichimba. Baba alivunja mfupa wa paja, akanionyesha uboho: mwekundu, majimaji, wa mnyama aliyekufa kwa njaa. Nyama ya kijiji ya miaka miwili inaliwa na kunguru. Nikashindwa. Nikamweleza yote pale pale, nikangoja anitukane.

Alikaa kwenye pikipiki ya theluji, akavua glavu. "Na mimi ninazo nne," akasema.

"Nne nini, Baba?"

"Taya. Majike niliowaua kabla ya mkutano. Ngozi na mifupa. Sikukuletea."

"Kwa nini?"

"Mama alikuwa ameshaandika kwamba wamenona. Nisimame nimbishie mbele ya watu?"

Umesikia, Bibi? Mimi nimeficha ili uaibike, yeye kaficha usiaibike, na karibou wamekufa vilevile. Nilidhani nikishakiri roho itatulia. Wapi! Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nawaza jambo moja: kwa ajili yako mzee yule kaacha mia nne wafe njaa, na kwa ajili yangu hajawahi kumdanganya hata mwenye duka.

Mwonyeshe mkubwa wako barua ya pili iliyomo kwenye bahasha hii. Nimeeleza humo kwamba aliyekudanganya ni mimi, peke yangu. Taya zote ishirini na tatu zinakuja Jumanne. Kwenye zile nne za Baba nimeandika jina langu, na wewe usimwulize kitu.

Mjukuu wako,
Tapaarjuk