Jani la Nyangwe

Mujukuu wangu Furaha, ni mimi babu yako. Hapa Kasongo tuko wazima. Bibi yako anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kukutaja. Unauliza kama uache mikataba ya miezi mitatu mitatu, wakuajiri kwa kudumu katika kazi yako ya kompyuta huko Goma.

Nilipokuwa kijana Nyangwe, nilipiga kasia kwa patron mumoja mwenye mitumbwi, mushahara kila mwezi. Siku moja mto ulijaa. Wapiga kasia wa kulipwa safari moja moja walitupa jani majini, wakaona linavyovutwa chini na maji, wakarudi kwao. Mimi pia nililiona. Patron akasema, "Vusha watu!" Tukatoka sita. Ya katikati siandiki. Tukafika wane.

Mushahara ule ulilea baba yako, siutukani. Lakini mbele ya kusaini, ujiulize: siku patron wako atataka uwashe programu yenye unajua haiko tayari, utaweza kukataa?

Lile jani ningali naliona.