Wifi Yangu Aliigiza Umeneja Vizuri Mno

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijamkosea mtu au sijakosewa mimi. Mimi ni fundi cherehani, watoto wangu wawili wana upele usiokauka kwa sababu ya mto wetu ambao kiwanda cha ngozi kinaumwagia uchafu, na kikundi chetu cha mtaa kila kikichota maji kuyapeleka kupimwa yanaonekana safi, ndipo tukaitwa kwenye mafunzo ya wanaharakati wa mazingira, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye hajawahi kuokota hata mfuko wa plastiki, naye huyo akajiandikisha ghafla, wakati mumewe ndiye msimamizi wa mabomba ya kiwanda hicho hicho! Sasa ukumbini mkufunzi akatugawa tuigize, wengine wananchi, wengine kiwanda, wifi akapewa umeneja, akavaa koti la mkufunzi, akakunja nne na kusema, "Nyie choteni tu jua likiwaka. Sisi bomba tunalifungua mvua ikianza, mkiwa mmejifungia ndani." Watu wakaangua kicheko, mimi nikamkazia macho, maana yale hayakuwa maigizo, na wakati wa chai nikamkuta nyuma ya tangi la maji ananong'ona na simu, kaziba mdomo kwa kiganja, aliponiona akakata. Huyo si katumwa kutuchunguza? Nimemweleza mume wangu kila kitu, akasema nina langu jambo na ndugu zake, ila Jumapili akienda kwa shemeji yake atamuuliza. Mimi nataka tumfukuze kikundini kabla hatujaenda kuchota tena. Nifanyeje?

Fundi, roho juu

Fundi, pole sana kwa watoto. Lakini hebu weka mkasi chini unisikilize. Mpelelezi gani huyo anayesimama mbele ya ukumbi mzima kumwaga siri ya waliomtuma? Siku zote mnachota kwenye jua kali, mnarudi mmenuna. Huyu kawaambia wakati wa kuchota, tena kwa njia pekee ambayo mke wa mtu wa mabomba angeweza kuitumia. Wenzako wakacheka, wewe ukamtafutia kosa.

Simu ile sijui aliongea na nani, na wewe hujui. Mvua ikianza, nendeni mkachote, vipimo vitakuonyesha wifi yako yuko upande gani. Usimfukuze, usimhoji, na mkiulizwa wazo ni la nani, semeni ni la kikundi.

Kilichonitoa jasho ni hiyo Jumapili yako. Katika ukumbi ule wote, mtu ninayejua kwa hakika kwamba kayatoa maneno nje ni mmoja tu, na ndiye aliyeniandikia. Mumeo akimuuliza shemeji yake, "Eti mkeo anasema mnafungua bomba mvua ikinyesha?", kiwanda kitabadili saa, watoto wako wataendelea kujikuna, na wifi yako atabaki kujieleza kwa mumewe, peke yake, mlango umefungwa. Acha kunisoma. Mfuate mumeo sasa hivi, umpigie magoti ikibidi, asifungue mdomo huko.