Chizi Isiyojitenga

Jumatatu, 12 Januari

Vipande viwili vya chizi asubuhi kwenye viazi vya kuponda. Viwili jioni kwenye uji. Bibi amemaliza yote.

Tangu apate kiharusi Novemba, koo lake halipokei kitu chenye punje wala kitu chepesi kama maji. Hii chizi ya njano, ile ya vipande vinavyofungwa kimoja kimoja kwenye plastiki, ndiyo inayoteremka bila kikohozi. Kwanza aliifanyia utani: "Lete hiyo chizi, mke mwenzangu, tuwe machizi wote nyumba nzima." Sasa ndiyo inayomweka hai.

Kilo 43. Daktari amesema akishuka chini ya 41 atawekewa mrija wa tumboni. Bibi anasema hautaki, afadhali afe. Anasema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anakataa chai.

Jumatano, 14 Januari

Nimefanya ujinga mkubwa.

Bibi aliuliza chizi inatengenezwa kwa vitu gani hasa. Pakiti ilikuwa mkononi mwangu. Nikamsomea, huku nikitafsiri. Binamu zangu wote wa huku ughaibuni wanaelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mimi nasoma kamusi, na ninaringa. Kwa hiyo nilipofika kwenye neno "enzymes" sikusita: vimeng'enya, vile vinavyogandisha maziwa. Nilijisikia fahari kulijua.

Akauliza vinatoka wapi. Nikajibu kama niko kwenye mtihani. Tumbo la ndama, au ukungu, au mimea, na mara chache nguruwe.

Mara chache nguruwe. Nimelisema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akaweka kijiko chini. Akaomba maji ya kusukutua.

Alhamisi, 15 Januari

Uji mtupu, vijiko vitatu. Basi.

Mama alirudi kutoka zamu yake kwenye nyumba ya wazee, akanifokea jikoni kwa sauti ya chini ili Bibi asisikie. "Wewe na vitabu vyako! Ungesema maziwa na chumvi, ukanyamaza." Ni kweli. Ningenyamaza.

Amempigia shekhe. Shekhe kasema mgonjwa ana dharura, ale. Bibi akajibu, "Dharura iko jangwani. Hapa Maple Grove mna friji mbili." Mama alicheka, kisha akaingia bafuni akakaa huko muda mrefu.

Nimewaandikia watengenezaji.

Jumamosi, 17 Januari

Wamejibu. Hawawezi kuthibitisha vimeng'enya vyao vinatoka wapi.

Mama amenipeleka madukani. Nimenunua aina tatu nyingine na kuziyeyusha zote, pamoja na ile yetu, kwenye sufuria ileile.

Ile ya plastiki haina hata haki ya kuitwa chizi, pakiti yenyewe inaiita "bidhaa". Ina ladha ya maziwa na chumvi tu. Lakini inayeyuka kama losheni, haitoi tone la mafuta. Ya kukatiwa kaunta ni chizi kweli kidogo, ina ukali, ingefaa sana kwenye mkate wa kukaanga. Nayo inayeyuka vizuri. Pakiti haisemi vimeng'enya vya nini. Ya kopo ni nyepesi mno, ingempitia njia ya hewa.

Ya mwisho ni cheda, chizi ngumu ya kipande, kutoka duka la Wasomali. Halali. Vimeng'enya vya mimea, imeandikwa wazi. Ladha yake inazishinda zote. Nikaitia motoni, ikajitenga. Mafuta juu, chini nyuzi kama mpira.

Bibi alijaribu kijiko kimoja kwa kunihurumia. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nilidhani nimemuua.

Kilo 42.

Jumapili, 18 Januari

Nimefikiria kudanganya. Kutoa vipande kwenye plastiki yake na kuvifunga kwenye karatasi ya duka la Wasomali. Nilifika mpaka kushika mkasi.

Hangejua. Haoni maandishi madogo. Mimi ndiye ninayemsomea kila kitu, dawa, barua, mpaka tarehe ya kuharibika kwa maziwa.

Nimerudisha mkasi. Najichukia kwa kufikiria, na najichukia kwa kushindwa.

Jumanne, 20 Januari

Nilisimama nje ya darasa la kemia kipindi chote cha chakula cha mchana. Swali nimeliandika kwenye kiganja. Mwalimu alikuwa ndani, peke yake, anakula tufaha. Kengele ikalia. Sikuingia.

Nina miaka kumi na sita na siwezi kubisha mlango.

Kilo 41 na nusu. Mama hasubiri 41, amechukua miadi ya mrija, Ijumaa. Bibi anatazama ukuta.

Jumatano, 21 Januari

Nimeingia. Sauti ilitoka kama ya panya. Kwa nini moja inajitenga na nyingine haijitengi?

Hakucheka. Kasema ni chumvi ya aina fulani, sodiamu sitrati, inayoshikanisha mafuta na maji. Haihusiani na mnyama yeyote. Na naweza kuitengeneza jikoni: maji ya limau na magadi soda, mpaka povu liishe.

Wiki nzima nimekuwa nikihangaika na neno moja, kumbe jibu lilikuwa kwenye neno jingine la pakiti ileile.

Sufuria ya kwanza: limau lilizidi, ikagandana. Ya pili: magadi yalizidi, ladha ya sabuni. Cheda imebaki kipande kimoja.

Alhamisi, 22 Januari

Ya tatu imekubali. Laini. Nimegeuza kijiko, imeteremka taratibu, bila mafuta.

Nimemwambia Bibi kila kilichomo, kimoja kimoja. Alinitazama usoni, si kwenye bakuli. Akafungua mdomo.

Nikasubiri kikohozi. Hakikuja. Vijiko vitano.

Ijumaa, 23 Januari

Kilo 41 na nusu. Hazijapanda, hazijashuka. Daktari amesogeza miadi wiki mbili. Wiki mbili si nyingi.

Theluji tangu alfajiri, shule imefungwa. Mchana Bibi amekula nusu bakuli, halafu akalisukuma.

"Chumvi imezidi. Nani kakufundisha kupika?"

Siku tisa hakuwa amelalamikia chakula. Nimelichukua bakuli, nimerudi jikoni kupunguza.