Mmea wangu umefungishwa saumu

Khairiya shoga, nimejificha jikoni, nacheka mpaka machozi.

Unaijua ile mimea yangu inayokula nzi, ya kwenye beseni kubwa uani? Leo asubuhi mama mkwe kauona mmoja ukimbana nzi. Akaruka! "Mchana wa Ramadhani, nyumbani kwangu?"

Kachukua kawa la kufunikia chakula, kafunika beseni zima. Kaufungisha saumu mmea, Khairiya! Mmea!

Nikamwambia, "Mama, mmea utakufa bila ya jua." Akanijibu, "Hajafa mtu kwa saumu."

Sasa hivi kumeadhiniwa magharibi. Hata maji hajagusa, kenda kufunua kawa, kautilia kipande cha tende mdomoni. "Bismillahi, mwanangu, futuru."

Mwanangu! Mie niliyeolewa na mwanawe, mwaka wa tatu huu, bado ananiita "wewe".