Unga Mweusi kwa Maji ya Ipililo

Jumatatu, 1 Julai 1996
Vipindi vya asubuhi, kisha maabara. Misumari imeyeyuka kwenye asidi. Nikadondosha amonia. Matope ya kahawia tena. Nataka meusi. Sumaku haikuvuta kitu. Tangu bohari ya serikali ifungwe tunanunua amonia madukani, na kila mwenye duka anaongeza maji yake. Nina hasira.

Alhamisi, 4 Julai
Dada yangu, mama Nyamizi, kaja kutoka Ipililo na lori la pamba. Wanunuzi binafsi wamejaa huko mwaka huu. Miguu ya Nyamizi inazidi kupinda. Daktari kasema ni floraidi, madini yaliyo kwenye kisima chao. Nikamweleza: natengeneza unga wa chuma, chembe ndogo mno, hata hadubini yetu haizioni. Floraidi inanata kwenye unga, sumaku inauvuta wote, maji yanabaki safi. Alinisikiliza kama anamsikiliza padri. Niliogopa.

Jumanne, 9 Julai
Mweusi. Mweusi kabisa. Mwalimu mwenzangu kaniletea amonia kali kutoka Mwanza. Nilipoweka sumaku ya spika mbovu ubavuni mwa chupa, unga wote ulikimbilia upande huo. Nilicheka peke yangu. Nikauosha, nikauchanganya na maji ya kisimani aliyoniachia dada, nikauvuta tena. Chupa ya maji itaondoka na basi la kesho, ikapimwe Mwanza. Hapa hatuna kipimo.

Jumapili, 21 Julai
Mahubiri sikuyasikia. Dada katuma salamu: majirani wanaulizia maji ya mwalimu. Sikumwahidi mtu. Au niliahidi. Sijui.

Ijumaa, 26 Julai
Majibu yamekuja. Floraidi imepungua kidogo tu. Bado ni nyingi kwa mtoto. Nilikaa kwenye stuli mpaka mlinzi akaja kufunga. Pengine chembe zingefanya kazi zikipakwa kitu kingine juu. Kitu gani, sijui. Wa kumuuliza hayupo.

Jumamosi, 27 Julai
Ipililo. Nilimwambia dada tukiwa tunachuma pamba. Miguu ya mtoto je, akauliza. Nikamwambia alichosema daktari: iliyopinda imeshapinda. Hakuacha kuchuma.
“Basi tusubiri mvua, mdogo wangu.”
Ya mvua hayana floraidi. Lakini mvua ni Novemba.
Nyamizi alikuwa amekaa kando ya gunia, anatoa majani makavu kwenye pamba. Jua lilipokuwa kali aliinuka, akaja polepole na kikombe cha bati, amekishika kwa mikono miwili. Maji ya kisimani. Mengine hakuna. Nikapokea, nikanywa yote.