Maneno Matano ya Kukumbuka

Jumatano, 5 Machi

Leo kliniki nimempima kumbukumbu Mzee Randa, fundi seremala. Kidole kimoja hana, mdomo anao! Watoto wake wanasema akili imeanza kumtoka. Daktari akikubali, karakana inafungwa na mashine zinauzwa.

Nikaanza kama siku zote: namsomea maneno matano, tunaongea mengine, kisha ayarudishe. Akanitazama. Sista, si tulifanya hii juzi, nilipokuja peke yangu? Binti yake, aliyemleta leo, akainamisha kichwa. Nikasema kwa upole, mzee, tujaribu tu. Akasusa maswali mengi! Majibu eti alishanipa, nikayatafute.

Masikini. Alama kumi na mbili kati ya thelathini. Chini nimeandika: "Anachanganya siku. Anadai alishapimwa." Daktari ataamua Jumatatu.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu.

Nimefungua faili la Mzee Randa niweke fomu ya jana. Kuna fomu nyingine. Ya Jumatatu. Alama ishirini na nane. Mwandiko wangu, saini yangu. Kumbe jana alikuja kuchukua majibu tu!

Sikumbuki. Si kwamba nakumbuka kidogo — sikumbuki chochote. Nimefungua ukurasa wa Jumatatu humu: "Joto. Watu sita. Miguu inauma." Nimehesabu kichwani, nawapata watano.

Faili nimelirudisha kabatini. Fomu ya Jumatatu nimeitia kwenye mkoba wangu. Kwa nini? Naogopa, ndiyo sababu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia daktari nasahausahau siku hizi. Fomu sikuitaja. Akacheka, akasema basi kaa, tukupime. Kwa kipimo kilekile! Maneno matano niliyataja hata kabla hajamaliza kuyasoma. Miaka kumi na tisa nayasoma mimi, yangenipotea vipi? Hata kasuku angefaulu. Thelathini kwa thelathini. Akanipiga bega: Sista, unatushinda sote, nenda kapumzike.

Nilitaka kumwambia hicho si kipimo. Nikasema asante. Mwoga mkubwa mimi!

Jumapili, 9 Machi

Nimemwomba Baba Watoto anitungie maneno mapya. Akaona mchezo. Kamba, daraja, kitunguu, shuka, nyundo — hapa nayaandika kwa sababu amenitajia tena. Mara ya kwanza nilirudisha mawili. Mawili! Akacheka, kisha akaniona uso, akaacha. Umechoka tu, mama, alisema. Akatoka, akakaa uani peke yake, muda mrefu. Yeye naye ameogopa.

Wagonjwa nawaambia kila siku: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kumbe ni rahisi kumwambia mwenzako. Halafu kuna mzee wa watu, anakaribia kunyang'anywa kazi yake kwa ajili ya kichwa changu.

Jumatatu, 10 Machi

Nje ya chumba cha daktari. Naandika nikiwa kwenye benchi la wagonjwa. Mwenzangu wa mapokezi kapita, kaniuliza leo nimepotea njia au vipi. Nimecheka. Jasho tupu mgongoni.

Fomu ya Jumatatu iliyopita ipo mapajani. Nitakayosema nimeyaandika kwenye karatasi, mstari kwa mstari, nisije nikayasahau mlangoni. Nikisema, sitapima tena mtu. Labda nitaanza kupimwa mimi, na binti zangu watainamisha vichwa. Nisiposema, Mzee Randa hashiki tena msumeno. Mara tatu nimeinuka niende zangu, mara tatu nimekaa.

Wamefika. Binti yupo dirishani anaongea na simu, ananong'ona habari za mnunuzi wa mashine. Mzee kakaa karibu yangu. Nilijua atanifokea, nikajikaza. Hakufoka. Mdomo ule wote umekwenda wapi? Ameniinamia, sauti ya chini, kama anayeomba maji. Sista, niambie kweli. Jumatatu ile nilikuja hapa, au niliota? Mimi mwenyewe sasa sijui.

Nimefungua mdomo. Daktari kafungua mlango, anamwita aingie —